Medali Shingoni mwa Mbwa wa Babu

Wiki iliyopita nilishuka sokoni Sake kutafuta chumvi na mawese. Sisi wa Kingi, huku milimani, tunajidai kwamba shamba linatupa kila kitu, lakini mawese lazima uyafuate. Pale sokoni, nyuma ya meza ya mwanamume mmoja wa upande wa Walikale aliyekuwa anauza nyama ya moshi, kulikuwa na mbwa mdogo mwekundu, amefungwa kengele ya mti shingoni. Alipojikuna, kengele ikalia: ko, ko, ko. Nikasimama palepale, kikapu mkononi. Mama wa meza ya pembeni akaniuliza, “Mama, uko unanunua ao unaangalia tu?” Nikamwambia naangalia. Akanisogeza kwa kiwiko ili wanaonunua wapite. Wala sikukasirika, ingawa wanaonijua watakuambia mimi si mtu wa kusogezwa kwa kiwiko. Siku hiyo nilikuwa nimeshafika mbali. Nilikuwa kijijini kwetu msituni, nina miaka kumi au kumi na mmoja, na Wabelgiji bado wako.

Wewe uliyekulia huku milimani, rafiki yangu, mbwa unayemjua ni huyu wa kubwekea wapita njia. Mbwa wa kwetu hawabweki. Wanalia kidogo, wanakoroma, basi. Ndiyo maana mwindaji huwafunga kengele ya mti, ajue wako wapi ndani ya majani. Njiani kengele inazibwa kwa majani mabichi isipige kelele. Wakifika penye nyavu, majani yanatolewa, na hapo ndipo uwindaji unaanza. Nilipokuwa mdogo niliweza kukuambia, nikiwa nimekaa jikoni na macho kwenye chungu, ni mbwa gani wa babu anayerudi, kwa mlio wa kengele yake tu.

Babu ndiye aliyenilea. Mama yangu alikufa nikiwa bado nanyonya, na baba alikwenda kufanya kazi kwa Wazungu, akasahau njia ya kurudi. Babu aliniita mama, kwa kuwa nilikuwa nimepewa jina la mama yake, na kwetu mtu akibeba jina anabeba na heshima yake. Mzee mzima mwenye mvi ananiita mama, ananiomba moto wa kuwashia kiko! Kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kuponda ndizi, kutafuta uyoga mvua ikikatika, na kuwapikia mbwa. Mbwa mkubwa alikula kabla yetu. Huyo alikuwa ametolewa kwa mizimu ya uwindaji, kwa hiyo hakuna aliyempiga wala kumtukana, na sehemu yake ya ini ilikatwa kwanza. Nyumba yetu ilinuka moshi, ndizi na manyoya yaliyolowa. Sijawahi kulala vizuri kama nilivyolala mle.

Shule ilikuja kwa amri. Leta, yaani serikali ya Wabelgiji, ilimwambia chifu, chifu akawaambia wanaume wa vijiji vyetu wakate miti na majani, na kwa majuma machache nyumba ndefu ikasimama karibu na barabara. Tuliambiwa ni shule ya watoto wote. Hakuna aliyesema neno jingine juu yake. Baba zangu wadogo, yaani wale wana wa babu waliobaki, hawakutaka niende. Kulikuwa na mwanamume ng'ambo ya mto, mwenye wake wawili, aliyekuwa ameshaanza kuleta mbuzi kwa ajili yangu, na mimi nilimwogopa kuliko chui. Babu akasema, “Mwacheni aende aangalie kwanza. Mbuzi hawakimbii.” Basi nikaenda, tukiwa wasichana watatu kati ya wavulana wengi. Kila mmoja nyumbani alijua kwamba siku nitakayofukuzwa shuleni, kesho yake nitavushwa mto.

Mwalimu wetu alitoka milima ya Masisi, upande wa Ngungu, katika ukoo wa Wakristo wa zamani. Alikuwa kijana, mwembamba, na msitu ulimtesa. Alilalamika kwamba nguo zake hazikauki, kwamba haoni jua, kwamba ndizi zinamjaza tumbo bila kumshibisha. Alitamani maharage ya kwao mpaka akayapanda nyuma ya shule, yakaoza. Sikuweza kumchukia, hata leo siwezi. Alinifundisha kusoma kwa uvumilivu ambao sijauona tena kwa mwalimu yeyote, nikiwemo mimi mwenyewe. Hakujua hata neno moja la Kinyanga, lugha yetu, na wazee wetu Kiswahili chao kiliishia kwenye salamu, hivyo sisi watoto tulikuwa midomo yao wote.

Lakini mle ndani, rafiki yangu, hapakuwa na pa kutokea. Sala asubuhi, sala kabla ya kusoma, sala baada ya kusoma. Hata hesabu ilikuwa ya dini. Aliandika ubaoni: kijijini kuna wapagani kumi na wawili, saba wamebatizwa, wangapi watakwenda motoni? Nasi tukajibu kwa sauti moja, “Watano!” na akaweka alama ya vema. Mimi nilihesabu kwa vidole, na vidole vile vilikuwa na majina: babu, baba mdogo, mke wa baba mdogo. Wenye medali ya kanisa shingoni walikaa viti vya mbele. Wasio na medali walikaa nyuma, pale paa lilipovuja, na yeye aliita sehemu ile Walikale, yaani msitu wetu, na ile ya mbele Masisi, milima yao. Darasa zima lilicheka. Nilicheka na mimi, maji yakinidondokea shingoni.

Kulikuwa na sheria moja iliyonikalia kooni. Bila medali huendi darasa la tatu. Medali ilikuwa alama kwamba umeanza safari ya ubatizo, na ukishavaa huivui, si kisimani, si kitandani. Kila asubuhi alipita kati ya viti akituangalia shingo. Nikajifunza maswali na majibu yote kwa moyo, nikajibu bila kukosa, na siku moja akanivika kamba yenye medali ndogo nyeupe ya Bikira. Nikahamia Masisi, kiti cha pili kutoka mbele. Nilirudi nyumbani nikikimbia.

Babu aliishika medali kwa vidole viwili, akaigeuza, akainusa. Akaniuliza inafanya kazi gani. Nikamjibu nilivyofundishwa, kwamba inamlinda anayeivaa na kila kitu kibaya.

“Kila kitu? Na chui?”

“Na chui, babu.”

Akatoa kiko mdomoni, akasema, “Mama, wewe unakaa ndani ya nyumba unaangalia ukuta. Nani anatangulia mbele ya sisi wote kule msituni?” Akaivua shingoni mwangu taratibu, bila ubaya wowote, akamwita mbwa mkubwa, akaifunga kando ya kengele. Alikifanyia kitu kile heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Mtu akikutendea jambo kwa heshima vile, unamwambia nini? Usiku ule nilisokota kamba nyingine, nikafunga mbegu mahali pa medali, nikaacha kamba tu ionekane juu ya nguo. Mwalimu alipopita asubuhi aliona kamba, akaendelea. Roho yangu ilikuwa juu, na haikushuka kwa miezi.

Ajabu ni kwamba mawindo yakaja. Siku ya tatu nguruwe wa msitu, siku ya sita mwingine, halafu swala wawili katika wavu mmoja. Babu alifurahi kama kijana. Akakausha paja zima kwa moshi, akalifunga katika majani, akanitwika: “Mpelekee mwalimu wako. Mwambie kitu chake kina nguvu.” Nikampelekea. Nikamwambia, “Babu anakusalimia, Mwalimu. Anashukuru ju ya medali.” Hapo bado sikuwa nimedanganya, nilikuwa nimenyamazia tu. Mwalimu aliyekuwa anakula ndizi kavu kwa majuma alilishika lile paja kwa mikono miwili, akaniambia nisimame mbele ya darasa. “Munaona, batoto? Neema iko inatembea. Imeingia ku nyumba ya muzee mwenyewe wa imbwa!” Wakapiga makofi. Nikatazama miguu yangu. Babu akatuma nyama tena, na tena, na kila paja lilinikaza kamba shingoni.

Nilijua pa kuishia, na kila njia niliyoiangalia ilikuwa imezibwa. Nikimwambia mwalimu, narudi nyuma kwenye maji, kisha nyumbani, kisha ng'ambo ya mto. Nikimwomba babu airudishe, nitakuwa nimeondoa kinga kwa mbwa wa mizimu, na nyama ikikosekana kila mtu atajua ni nani aliyeiondoa. Nililia nikiponda ndizi, nikasema ni moshi.

Halafu asubuhi moja mwalimu akatangaza kwamba wenye medali wote watakwenda kumsalimu babu kwa wimbo.

Tuliondoka palepale. Mvua ilikuwa imekatika, njia inateleza, wenzangu wakiimba nyimbo za Bikira mbele yangu, na mimi nikiomba, ndiyo, nikiomba kwa Bikira yuleyule, kwamba mbwa awe ameondoka na nyavu. Hakuwa ameondoka. Alitoka mbio nyuma ya nyumba kunipokea, na kengele ikilia ko, ko, na medali ikigonga juu yake, ti, ti. Wimbo ulikufa mdomo mmoja baada ya mwingine. Mwalimu akainama, akatazama shingo ya mbwa, kisha akatazama kamba yangu, akaivuta. Mbegu ikatoka.

Babu, aliyesikia wimbo toka mbali, alikuwa ameshasimama mlangoni, amevaa ngozi yake nzuri, ametenga kigoda na kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya mgeni. Alikuwa anacheka kwa furaha.

“Mwambie muzee atoe ile medali mara moja,” mwalimu akasema. “Mwambie hii njo zambi kubwa sana, kuweka Mama wa Mungu ku shingo ya imbwa. Na weye mutoto, kesho usikanyage tena ku masomo yangu.”

“Anasema nini, mama?” babu akaniuliza kwa Kinyanga. “Mbona ana hasira? Mwambie nilimpa yule anayetangulia. Kitu kikiwa cha kulinda, mtu mwenye akili anakiweka mbele.”

Nikageuka kwa mwalimu. Ningeyasema yale maneno kama yalivyo, labda angeyaelewa. Hakuwa mpumbavu. Hilo nimeliwaza maisha yangu yote. Lakini niliona mto, na yule mwanamume, na wale mbuzi. Nikasema, “Anaomba samahani, Mwalimu. Hakujua. Anasema na yeye anataka umuandike mu kitabu cha ubatizo.”

Kisha nikageuka kwa babu: “Anasema medali imechoka kwa kazi. Inabidi irudi kwa padri, itiwe nguvu tena.”

Hilo babu alilielewa mara moja. Vitu vya namna ile huchoka, kila mwindaji anajua. Akapiga goti mbele ya mbwa wake, akafungua kamba, akampa mwalimu medali kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Mwalimu alipoona goti lile na mikono ile miwili, machozi yakamtoka. Akaniwekea mkono kichwani. Akatoa kitabu chake, akaandika, akatuambia kwamba kuanzia leo mzee huyu ni Yosefu. Babu akaniuliza wanaandika nini. Nikamwambia wanaandika kwamba medali imerudi.

Kesho yake nilivishwa ileile medali tena mbele ya darasa. Sasa ikawa kinyume: asubuhi naivaa nikishavuka gogo la kijito, jioni naivua palepale na kuificha, maana babu akiiona atajua ilikuwa haijachoka. Kila nilipoingia nyumbani aliniuliza, “Medali haijapona?” Nikamjibu bado. Aliniuliza hivyo mpaka kiangazi. Kiangazi kile chui alimuua mbwa mkubwa. Babu alirudi ameshika kengele mkononi, akaitundika juu ya mlango, akakaa siku mbili bila kula kama mtu aliyefiwa na ndugu. Siku ya tatu akasema, si kwa kunilaumu, “Wangeirudisha mapema.” Nilikwenda kutafuta kuni nikakaa huko mpaka jua likashuka.

Mvua ziliporudi, babu akashikwa na kifua. Baba zangu wadogo walikuwa wamechukuliwa kutengeneza barabara ya Leta, nyumbani tulibaki mimi na mke wa baba mdogo, naye alikuwa shambani. Mchana mmoja mwalimu akaja peke yake, amelowa mpaka magotini, na chupa ya maji mfukoni. Majina ya wasichana wa kwenda kwa masista kule Masisi yalikuwa yanapelekwa juma lile, na alikuwa ameniambia kwamba langu ndilo la kwanza. Akapiga magoti kando ya kitanda. Alimpenda babu, hilo ujue. Alikuwa amekula nyama yake mwaka mzima.

“Muulize kama anakubali ubatizo. Muulize polepole.”

Nikainama sikioni kwa babu. Nikasema tu, “Babu, mwalimu amekuja.”

Akafungua macho. Alinitazama mimi, si mwalimu. “Mama,” akasema, “mwambie nimechoka. Nikifa wasiniweke huku barabarani. Wanipeleke kijiji cha zamani tulikohama, pale ulipolala wewe.” Alikuwa anazungumza na mama yake, au na mimi, au na sisi wote wawili. “Wanangu wanajua njia. Wewe waambie.”

“Anasema nini?” mwalimu akauliza.

“Anakubali, Mwalimu. Anakubali yote.”

Akamwaga maji juu ya paji la uso lililokuwa linachemka, akisema yale maneno. Babu akafumba macho, na uso wake ukalegea kwa raha. “Mshukuru mtoto wa watu,” akanong'ona. “Maji ni mazuri.”

“Anasema nini?”

“Anasema asante. Anasema maji iko muzuri.”

Hilo nililitafsiri kama lilivyosemwa. Mwalimu akalia waziwazi, akaniambia niwe na furaha.

Babu alikufa siku iliyofuata. Wanawe waliporudi na majembe ya Leta begani, walimkuta mwalimu amekaa mlangoni na kitabu. Mtu aliyebatizwa, alisema, hazikwi kwa wapagani. Yosefu atalala kando ya shule, penye ardhi iliyobarikiwa. Mkubwa wa baba zangu wadogo aliniita kando, akachuchumaa mpaka macho yetu yakalingana. “Wewe ulikuwepo. Wewe unasikia lugha zote mbili. Ni kweli mzee alisema hivyo?”

Nilikuwa nimevaa medali. Nilikuwa nimesahau kuivua.

“Ni kweli,” nikasema.

Akaniamini. Wakamzika kando ya barabara, katika sanduku la mbao, wakati wanafunzi wa viti vya mbele wakiimba. Baba zangu wadogo walisimama mbali, hawajui washike nini mikononi. Juma la pili nilipanda milima kwenda Masisi kwa masista, nikaona baridi na maharage na jua ambalo mwalimu alikuwa anatusimulia. Ng'ambo ya mto walimpeleka msichana mwingine.

Shule ile haiko tena. Watu wa kule wameniambia majani yamemeza kila kitu. Msalaba wa mti uliliwa na mchwa kabla hata sijamaliza masomo, na hakuna aliyeusimamisha tena, kwa kuwa hakuna aliyemjua Yosefu. Kijiji cha zamani nacho hakina njia. Waliokuwa wanaijua wamekwisha. Nilifundisha watoto miaka mingi katika vyumba vya namna ileile, nikapita kati ya viti, nikawasikiliza wakijibu maswali na majibu kwa moyo. Sikuwahi kuwauliza hesabu ya motoni. Ni hilo tu ninaloweza kujisifu nalo.

Nilipokwisha kuwa mama wa watoto, nilikwenda kuungama. Nilimweleza padri yote, kuanzia mbegu mpaka chupa ya maji. Akanisamehe ule uongo wa medali kwa sala tatu. Kwa ule wa ubatizo akaniambia kwa upole kwamba nisijisumbue tena, kwa kuwa siku ile mimi mtoto mdogo niliokoa roho ya babu yangu. Nikamshukuru. Nje, masista walikuwa wanauza mishumaa na watoto walikuwa wanacheza mpira. Nilikuwa nimebeba jambo moja tu lililonileta pale, yale maneno ya babu niliyoyageuza, na alikuwa amenirudishia mkononi, amelisifu.